Kusoma ni Kumsikiliza Jirani



Matendo ya Mitume, sura ya 8, yatuonyesha mtu aliyeketi katika gari lake, njiani kutoka Yerusalemu kwenda Gaza, akimsoma nabii Isaya bila kumwelewa. Filipo akamwuliza kama anaelewa, akapanda, akaketi naye, akaanzia pale pale msomaji alipokwama. Sisi tunaofundisha fasihi hapa Bukavu tunaiona kazi yetu katika ukurasa huo: mwalimu huketi kando ya msomaji.

Hayati Papa Fransisko naye alifundisha fasihi kabla ya kupewa daraja la upadre. Mwaka 1964 na 1965 alikuwa katika shule ya Wajesuiti mjini Santa Fe, Argentina. Programu iliwadai wanafunzi wasome El Cid, utenzi wa kale wa Kihispania. Wao walimtaka García Lorca, mshairi wa karne ya 20. Akaamua kwamba El Cid wataisoma nyumbani, na darasani watajadili waandishi wanaowapenda. Hivyo wakaonja utamu wa kusoma, wakasonga mbele hata kwa waandishi wengine. Alisimulia hayo katika barua yake ya tarehe 17 Julai 2024 juu ya nafasi ya fasihi katika malezi, akitukumbusha kwamba asomaye hujifunza kusikia sauti ya mtu mwingine.

Katika mji wetu zoezi hilo si anasa. Mtu hupimwa kwa jina lake, kwa lafudhi yake, kwa kilima alikotoka babu yake, kabla hajafungua kinywa. Tangu vita vilipoingia mjini Februari 2025, uvumi hukimbia kuliko habari, na kijana huulizwa upesi yuko upande gani.

Ndiyo sababu twapenda kusoma na wanafunzi riwaya ya V. Y. Mudimbe, Entre les eaux, iliyotoka mwaka 1973. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi aliyepitia utawa wa Wabenedikto, asimulia habari za Pierre Landu, padre aliyesomea Roma. Kwa uchungu wa kuliona Kanisa likiwa karibu mno na wenye nguvu, Landu aacha parokia na kujiunga na waasi wafuasi wa Marx. Huko msituni haaminiwi. Abaki katikati ya maji, kama jina la kitabu lisemavyo.

Kila mara darasa hugawanyika. Wengine humwita msaliti, wengine shujaa. Nasi twaomba jambo moja kabla ya hukumu: kila mmoja ayaeleze maumivu ya Landu kwa haki, kana kwamba Landu mwenyewe yumo chumbani anasikiliza. Mwaka mmoja, mwanafunzi ambaye kaka yake alikwenda msituni asirudi, alitufuata baada ya somo. Alisema kwamba kwa mara ya kwanza ameweza kumwombea kaka yake bila kumlaani, na bila kuyahalalisha aliyoyatenda. Hatukuongeza neno.

Wako wanaohofu kwamba anayemwelewa kila mtu atashindwa kusema lililo baya kuwa ni baya. Tumtazame Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, Mjesuiti, aliyeuawa mjini humu tarehe 29 Oktoba 1996. Aliwatetea wakimbizi kutoka Rwanda wakati wengi hawakutaka kusikia habari zao, wala hakuwanyamazia wenye silaha. Aliyesikiliza na aliyekemea alikuwa mtu yule yule.

Twajua vitabu ni ghali. Lakini nakala moja yatosha kundi zima la parokia: mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize, Kifaransa kikiwa kigumu, mwingine afafanue kwa Kiswahili au kwa Mashi. Mkimaliza sura moja, jiulizeni maswali haya, kisha msali pamoja:

Ni mhusika gani tuliyemhukumu kabla ya kumsikiliza?

Katika mtaa wetu, Kadutu, Ibanda au Bagira, ni nani tunayemtendea vivyo hivyo?

Juma hili, ni nani tutakayekwenda kuketi kando yake, kama Filipo?