Lyme Regis, mji wa pwani usiodai kiingilio

Lyme Regis haina stesheni ya treni. Reli yake ilifungwa mwaka 1965, na tangu hapo asiye na gari hushuka Axminster, mji uliopata jina kwa mazulia yake, kisha hupanda basi linaloteremka taratibu kwenda baharini. Mimi na mpwa wangu tulitokea Exeter, anakosoma. Treni haichukui hata saa nzima, na nauli ya basi haikutuumiza, maana tangu Januari 2025 serikali imeweka kikomo cha pauni 3 kwa safari moja katika mabasi mengi ya England. Mpwa wangu ni mwanafunzi wa ughaibuni, na wanafunzi wa ughaibuni wanaijua thamani ya kila pauni.

"Mjomba," aliniambia, "tukishalipa nauli tumemaliza. Vizuri vya huko havina kiingilio."

Alikuwa na sambusa kwenye mkoba, chupa ya chai, na karatasi ndogo aliyonakili saa za maji kupwa na kujaa. Karatasi hiyo ndiyo iliyonifurahisha. Nimezaliwa Lindi, na kwetu mtoto hujifunza habari za maji kabla hajaijua saa ya ukutani. Siku ile ilikuwa ya bamvua. Katika mwambao huu wa Dorset maji ya bamvua hupwa kabisa karibu na adhuhuri, kwa hiyo mgeni anayeshuka kwenye basi asubuhi anaikuta bahari inarudi nyuma.

Mji wenyewe ni mdogo, wakazi wake hawafiki 5,000, na mitaa yake imeinamia ufukweni, hata ukipotea wewe teremka tu, utafika majini. Tuliteremka. Tulipita bustani za Langmoor na Lister, ambazo ziko wazi kwa kila mtu na zina mandhari nzuri ya ghuba nzima, lakini hatukukaa, kwa sababu maji hayamsubiri mtu. Tukaelekea ufukwe wa Monmouth, upande wa magharibi wa bandari. Jina hilo linatokana na Mtemi wa Monmouth, aliyetua hapo tarehe 11 Juni 1685 na kikosi cha watu 82, akitaka kumnyang'anya kiti cha ufalme baba yake mdogo, James II. Alishindwa, na mwezi uliofuata alikatwa kichwa jijini London.

Ukishaupita mstari wa vibanda vya mbao na kokoto zinazoteleza, unafika kwenye sakafu ya mwamba wa chokaa wenye rangi ya kijivu inayokaribia buluu. Hapo nilisimama, na mpwa wangu aliyekuwa mbele akageuka kuona kulikoni. Sakafu yote imejaa amonaiti. Hawa ni jamaa wa kale wa pweza na ngisi, waliokuwa na gamba la kujisokota, na walizama kwenye tope la bahari karibu miaka milioni 200 iliyopita. Baadhi yao ni wakubwa kama sinia la pilau la harusi. Wamelala mmoja karibu na mwingine, mizunguko ya magamba yao inaonekana wazi, na unapita juu yao kwa miguu yako mwenyewe. Hakuna uzio, hakuna kioo, hakuna mtu wa kukukatia tiketi. Bahari ndiyo inayowafungua na kuwafunika, na ukifika maji yamejaa huoni hata mmoja.

Tulikaa hapo muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Watoto wa shule walikuwa wakiweka viganja vyao katikati ya magamba ili kupima ukubwa. Mzee mmoja mwenye mbwa alituonyesha namna ya kutazama: nenda pole pole, jua likiwa ubavuni, kwa sababu mwanga wa pembeni ndio unaotoa mikunjo ya gamba. Alisema anafika hapo karibu kila bamvua, na kila mara bahari imeng'oa kidogo na kufunua kidogo. Amonaiti wa sakafu ile hawachukuliwi. Wanaachwa kwa ajili ya wengine, mpaka mawimbi yenyewe yatakapowasaga.

Kutoka hapo tulirudi kupanda Cobb, ukuta mkubwa wa mawe uliopinda kuikinga bandari. Maandishi yanautaja tangu mwaka 1328, na mara nyingi umebomolewa na dhoruba na kujengwa tena. Dhoruba ya 1824 ilikuwa mojawapo ya zile kali. Bila ukuta huu mji usingekuwa na bandari, na bila bandari pengine usingekuwepo. Sehemu ya juu imeinamia upande wa bahari kuu, kwa hiyo siku ya upepo tembea sehemu ya chini. Wasomaji wa Jane Austen huja kuziona ngazi za mawe zinazotokeza ukutani, kwa kuwa katika riwaya yake ya *Persuasion*, iliyotoka mwishoni mwa 1817, msichana aitwaye Louisa Musgrove anaruka kutoka kwenye ngazi za Cobb na kuumia. Mpwa wangu alinisomea habari hiyo kwenye simu tukiwa tunakula sambusa, migongo yetu imeegemea jiwe lililopata joto la jua. Harufu ya samaki na chipsi ilitoka kwenye vibanda vya jirani. Hatukununua, na hatukukosa kitu.

Lakini mtu wa mji huu ni Mary Anning, na ziara ya Lyme Regis isiyopita kwake ni pungufu. Alizaliwa mwaka 1799. Baba yake alikuwa seremala aliyeongeza kipato kwa kuuzia wageni visukuku alivyookota ufukweni, na alipofariki mwaka 1810 aliiachia familia madeni. Mwaka uliofuata kaka yake Mary, Joseph, aliona fuvu refu lenye meno kwenye genge la bahari. Mary akautafuta mwili uliobaki na kuupata mwaka 1812, akiwa bado mtoto. Mnyama huyo ni ikthiosauri, reptilia wa baharini mwenye umbo la kukaribia pomboo, na aliuzwa kwa pauni 23. Mwaka 1823 Mary akapata mifupa kamili ya plesiosauri, mwenye shingo ndefu isiyoaminika, hata wataalamu wa Paris walidhani ni mifupa iliyoungwa kwa hila. Baadaye walikiri kwamba ni halali.

Huyu binti hakuwa mwokotaji tu. Aliichora mifupa, akapasua samaki na ngisi wa siku zake ili aelewe wale wa kale, akagundua kwamba ndani ya belemnaiti, ndugu wengine wa ngisi, kumebaki vifuko vya wino uliokauka. Rafiki yake Elizabeth Philpot alikoroga wino huo kwa maji na kuutumia kuchorea visukuku vyenyewe. Hata hivyo mabwana waliomnunulia visukuku ndio walioandika majina yao kwenye makala, na Jumuiya ya Jiolojia ya London haikuruhusu wanawake kuwa wanachama hadi mwaka 1919, yeye akiwa kaburini miaka zaidi ya 70.

Jumba la makumbusho la mji lilijengwa mwaka 1901 kwenye kiwanja cha nyumba aliyozaliwa. Hapo ndipo mahali pekee tulipolipa kiingilio, na ni halali yake. Pesa inabaki mjini na unatoka ukiwa umeelewa ulichokikanyaga asubuhi. Hatua chache kutoka hapo, bila malipo, iko sanamu yake ya shaba iliyozinduliwa Mei 2022, baada ya kampeni iliyoanzishwa na mtoto wa shule wa Dorset aliyeuliza kwa nini mwanamke huyu hana sanamu. Anatembea kwa haraka, nyundo mkononi, kikapu kimejaa, mbwa wake Tray kando yake, uso ameuelekeza kwenye magenge ya mashariki. Mbwa huyo alifunikwa na maporomoko ya ardhi mwaka 1833, na Mary mwenyewe aliponea chupuchupu. Kaburi lake liko katika kiwanja cha kanisa la Mtakatifu Mikaeli, alikozikwa pamoja na Joseph. Wageni huacha visukuku vidogo juu yake. Mpwa wangu aliongeza kimoja.

Saa nane mchana alitaka twende Charmouth, kijiji cha jirani kilicho umbali wa kilomita kama 3, kwa kupita ufukweni chini ya magenge.

"Mwanangu, maji yamegeuka," nilimwambia.

"Bado mbali, mjomba."

"Bamvua likianza kurudi halitembei. Linakimbia."

Alitazama karatasi yake, akakubali. Njia ile ni nzuri kwa anayeianza maji yakiwa bado yanatoka, lakini yakijaa yanagonga genge na mtu anakosa pa kupita. Juu yake, genge lenyewe ni tope na udongo laini. Mwezi Mei 2008 kipande cha mita 400 kati ya Lyme na Charmouth kiliporomoka kwa mara moja. Tukapanda basi.

Charmouth ina jengo lililokuwa kiwanda cha saruji karne ya 19, na leo ni kituo cha elimu cha mwambao huu, ambao tangu 2001 uko katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kuingia ni bure. Ukiwa umeokota jiwe usilolijua, unalipeleka mezani na mhudumu anakuambia ni nini. Mpwa wangu alitoa mfukoni vitu viwili alivyookota kwenye kokoto: kimoja kirefu chenye ncha kama risasi, ambacho kilikuwa belemnaiti, na kingine alichodhani ni mfupa. Mhudumu alikigeuza, akakitazama kwa kioo cha kukuza, akamweleza kwa upole kwamba ni jiwe la kawaida, kisha akamwonyesha mfupa wa kweli unavyokuwa na vijitundu. Wala hakumharakisha. Akatueleza na kanuni za kuokota: chukua kilichokwisha kuanguka ufukweni, usichimbe genge, na ukipata kitu adimu kiandikishe pale ili wataalamu wajue. Kikishaandikishwa, mwokotaji anabaki kuwa mwenye mali.

Nilitoka nje nikakaa kwenye benchi, kwa kuwa mazungumzo hayo yalinirudisha nyumbani. Karibu kilomita 60 kutoka mji wa Lindi kuna kilima cha Tendaguru. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba hapo mifupa ya dinosauria, na mamia ya Watanganyika walichimba na kuibeba kwa vichwa na mabega, mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Mmoja wa dinosauria hao, Giraffatitan, anasimama leo Berlin akiwa na urefu wa mita 13.27 kwenda juu. Msimamizi wa wachimbaji, aliyeijua mifupa na kuifundisha mikono ya wengine, aliitwa Boheti bin Amrani. Mwaka 2007 dinosauria mmoja wa Tendaguru alipewa jina la *Australodocus bohetii* kwa heshima yake. Nilimsimulia mpwa wangu. Amesoma shule ya msingi Lindi, amemaliza sekondari huko huko, na jina la Boheti alilisikia kwa mara ya kwanza akiwa Charmouth.

Sisemi Lyme Regis iliweka kila kitu kilichotoka kwake. Mifupa mikubwa aliyoipata Mary Anning iko London, katika jumba la historia ya viumbe ambalo nalo halitozi kiingilio. Lakini mji umebakiza ufukwe ulio wazi, meza ya mtu wa kuulizwa, kaburi linalotunzwa, na sanamu iliyoombwa na mtoto. Mambo hayo hayahitaji utajiri wa mafuta wala gesi.

Mabasi ya kurudi Axminster jioni si mengi, hivyo msomaji atakayekwenda aangalie saa za basi la mwisho kabla ya kuondoka nyumbani, na aangalie saa za maji kabla ya hizo za basi. Aende majira ya baridi akiweza, baada ya dhoruba, ndipo bahari huangusha visukuku vipya na ufukwe huwa hauna watu wengi. Avae viatu vya kukanyaga tope na abebe chakula chake.

Na kwa ndugu zangu wa Lindi, viongozi wa halmashauri na walimu: tunacho kilima, tunacho kisa, na tunalo jina la Boheti. Tuanze na chumba kimoja karibu na bandari ile ile mifupa ilipopakiwa melini, meza moja na mwalimu mmoja anayejua mawe, na mlango ambao mtoto ataingia bila kuulizwa ana shilingi ngapi.