Nyahanga: Shingo ya pikipiki na usalama wa familia

KAHAMA ni mji wa njia panda. Malori yanayotoka Dar es Salaam kuelekea Rwanda na Burundi hupita hapa baada ya Isaka, mahali penye reli na bandari kavu. Upande mwingine iko njia ya Bulyanhulu na Kakola, inayoendelea hadi Geita. Mpunga unaingia mjini kutoka vijijini, na watu wanatoka mjini kwenda machimboni kutafuta riziki. Tangu mwaka 2021 Kahama ni manispaa, na Nyahanga ni moja ya kata zake.

Katika mitaa ya Nyahanga, chombo kinachounganisha shughuli zote hizo na nyumba za watu ni pikipiki. Asubuhi inapeleka watoto shuleni. Mchana inabeba gunia la mchele au madumu ya maji. Usiku mama mjamzito akishikwa na uchungu, simu ya kwanza hupigwa kwa kijana wa bodaboda wa jirani. Ndiyo maana ubovu wa pikipiki hapa si jambo la dereva na fundi wake tu. Ni jambo la nyumba nzima.

Kuna sehemu moja ya pikipiki ambayo wengi hawaikumbuki mpaka iwe imeharibika kabisa. Mafundi huiita shingo. Ni lile bomba fupi la mbele ya tangi, ambalo ndani yake unazunguka mhimili wa usukani. Juu na chini ya bomba hilo kuna vikombe vya chuma, na katika vikombe hivyo zimepangwa gololi ndogo zilizopakwa grisi. Gololi hizo ndizo zinazoufanya usukani ugeuke kwa wepesi, na ndizo zinazopokea kila kishindo cha gurudumu la mbele.

Kwa nini shingo za Kahama hazidumu

Wazee wa Usukuma wanaifahamu shingo tangu enzi za baiskeli. Kabla bodaboda hazijajaa, abiria wa Shinyanga na Kahama walibebwa na baiskeli zilizoitwa daladala, nazo zilikuwa na vikombe na gololi za namna hiyo hiyo. Kijana aliyewahi kufungua shingo ya baiskeli ya baba yake hana jambo geni sana la kujifunza kwenye pikipiki, ila uzito umeongezeka na mwendo umekuwa mkali.

Njia zenyewe zinachangia. Barabara ya lami inayokwenda nchi jirani ni nzuri, lakini riziki nyingi ziko nje ya lami. Njia za kwenda kwenye machimbo madogo ni za changarawe na mashimo. Wakati wa kiangazi vumbi huingia kila mahali. Vumbi la eneo la dhahabu lina chembe za mawe magumu, na zikichanganyika na grisi hugeuka kuwa kama msasa. Mvua zikianza mwishoni mwa mwaka, tope na maji humalizia kazi. Kisha pikipiki hupelekwa kuoshwa kwa mashine yenye nguvu, na maji yakielekezwa moja kwa moja shingoni hufukuza hata ile grisi kidogo iliyobaki.

Uzito nao una sehemu yake. Pikipiki ndogo iliyotengenezwa kubeba watu wawili inapakiwa mishikaki, au mifuko ya mawe ya kupeleka kwenye makarasha ya kusaga. Gurudumu likitumbukia shimoni na mzigo huo, gololi hugonga kikombe na kuacha alama. Pigo moja halionekani. Mapigo ya miezi yanachimba vishimo vidogo, na hasa pale usukani unapokaa ukiwa umenyooka, kwa sababu ndipo unapokaa muda mwingi.

Dalili ambazo hata abiria anazisikia

Shingo iliyolegea inagonga. Dereva akishika breki ya mbele, husikika "ko" kutoka chini ya usukani. Shingo iliyochimbika hujishika katikati: ukitaka kukata kona kidogo, usukani unagoma, halafu unaruka kupita ulipokusudia. Kwenye mwendo mkubwa pikipiki inayumba bila sababu. Mke anayebebwa kila siku kwenda sokoni anaweza kuyasikia haya kabla ya mumewe, aliyeyazoea kidogo kidogo. Akisema, asipuuzwe.

Kuhakikisha ni kazi ya dakika tano. Pikipiki isimamishwe kwenye stendi ya kati, gogo liwekwe chini ya injini mpaka gurudumu la mbele lininginie. Mtu mmoja ashike pikipiki kwa nyuma. Mwingine ashike miguu ya shokapu upande wa chini, avute mbele na kusukuma nyuma. Ikicheza, shingo imelegea. Kisha ageuze usukani taratibu, kushoto na kulia. Ukijishika katikati, vikombe vimekwisha. Iliyolegea tu inaweza kukazwa. Iliyochimbika haiponi kwa kukazwa. Ukiikaza zaidi unaufanya usukani uwe mgumu na hatari iongezeke.

Hapa ndipo vijana wengi hukwama. Aliye kwenye mkataba hupeleka hesabu kwa tajiri kila siku mpaka pikipiki iwe yake, na siku ya kulala nyumbani bado inadaiwa. Basi anaendelea kusema "nitatengeneza kesho", huku anabeba watoto wa watu. Lakini seti ya vikombe na gololi si kati ya vipuri vya bei kubwa, na kazi yenyewe huisha mchana mmoja kwa mtu mwenye subira. Siku moja ya hesabu ni hasara inayohesabika. Mguu uliovunjika unasimamisha hesabu kwa miezi, na mkataba unaweza kupotea nao.

Kazi ya mchana mmoja uani

Anayeifanyia kazi hii nyumbani achague mahali pasafi, atandike turubai au kanga iliyochakaa, na atafute msaidizi mmoja. Vipuri vinunuliwe kabla ya kufungua, vikiwa vya aina ya pikipiki husika. Mafundi wengine huweka vikombe vipya kwenye friza usiku mmoja, vikiwa vimefungwa ndani ya mfuko, kwa kuwa chuma kikipoa hupungua kidogo na kuingia kwa urahisi.

Kwanza hutolewa gurudumu la mbele, madigadi na taa kubwa. Usukani hufunguliwa na kulazwa juu ya tangi lililofunikwa kitambaa, bila kulazimika kutoa waya zote. Shokapu zikishatoka, hufunguliwa nati ya juu, bamba la juu na nati ya kurekebishia. Wakati wa kufungua nati hii ya mwisho, msaidizi ashikilie mhimili kwa chini na beseni liwe tayari, maana gololi huanguka kama punje za mahindi. Zihesabiwe za juu na za chini mbalimbali. Watoto wadogo wakae mbali, kwa sababu gololi ni rahisi kumezwa.

Vikombe vya zamani hugongwa kutokea ndani kwa nondo ndefu, pigo upande huu na pigo upande ule, ili kisikae upande. Kile kilichobana chini ya mhimili hutolewa kwa tindo, taratibu, kuzunguka pande zote. Bomba husafishwa kwa mafuta ya taa na kukaushwa. Jiko la mkaa lisiwe karibu.

Kikombe kipya hakigongwi kwa nyundo moja kwa moja. Kile cha zamani huwekwa juu yake, ndicho kipigwe. Kikifika mwisho mlio hubadilika, kutoka mlio wa wazi kuwa mzito. Hapo hupakwa grisi nyingi na gololi mpya hupangwa humo, grisi ikizishika. Gololi za zamani zisichanganywe na mpya. Kila kikombe kipate idadi iliyoandikwa kwenye seti, na ikibaki nafasi ndogo isijazwe kwa nguvu.

Kukaza ndiko kunakoamua kila kitu. Nati ya kurekebishia hukazwa kwanza ili gololi zikae, usukani ukageuzwa mara kadhaa kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, kisha nati ikalegezwa kidogo kidogo. Kipimo ni hiki: gurudumu likiwa limeinuliwa, usukani ukisukumwa kidogo kutoka katikati uanguke wenyewe hadi mwisho, na shokapu zikivutwa zisicheze. Ndipo nati ya juu ikazwe, na jaribio lirudiwe, kwani nati hiyo ikikazwa huweza kubadilisha kipimo. Breki ya mbele nayo ikaguliwe kabla pikipiki haijatoka uani, na grisi isiguse viatu vya breki.

Asiyejiamini aende kwa fundi, lakini akae pale aone. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika kazi hii ufa ni ile "ko" ya kwanza.

Vikombe vipya hukaa vizuri baada ya siku chache za barabara, kwa hiyo shingo hujaribiwa tena na kukazwa kidogo ikihitajika. Baada ya hapo, jaribio la dakika tano mara moja kwa mwezi linatosha, na anayeosha pikipiki aambiwe asielekeze maji shingoni. Katika nyumba ambayo watoto wanapelekwa shuleni kwa pikipiki, mtoto mkubwa anaweza kuwa ndiye msaidizi wa kushika nyuma. Atajifunza kazi, na atajua mlio upi haufai kunyamaziwa.