Nani Amemnenepesha Mama?

Jana usiku dada alinipigia kutoka nyumbani, Tinde mkoani Shinyanga, sauti imemkauka. Mama amepimwa sukari, iko juu. Aliyempima akamwambia mbele ya foleni nzima: "Mama, unene huu umejitakia mwenyewe." Tangu hapo sijatulia.

Kauli hiyo hiyo naisikia hapa Coventry kila wakati wa mapumziko kazini. Mnene ajilaumu, basi. Lakini natoka ghalani saa nne usiku, maduka yote yamefungwa, isipokuwa mgahawa mmoja wa baga ambao taa zake unaziona ukiwa bado mbali. Ubaoni, chini ya kila bei, kuna idadi ya kalori. Tangu Aprili 2022 sheria ya England inaibana kila biashara ya chakula yenye wafanyakazi 250 na zaidi iziandike. Unazisoma, miguu inauma, njaa inakata. Unalipa. Hapo nimejitakia nini?

Marekani walifikishana mahakamani. Mwaka 2002 wasichana wawili wa New York, kupitia wazazi wao, waliishtaki McDonald's kwamba chakula chake kimewanenepesha. Januari 2003 Jaji Robert Sweet akaitupa kesi ile: anayejua madhara ya kula kupita kiasi asimtwishe muuzaji lawama. Watu waliwacheka sana wale mabinti. Mimi siwacheki. Uingereza ilipotangaza kodi ya sukari kwenye soda, iliyoanza Aprili 2018, kampuni nyingi zilipunguza sukari kabla hata siku yenyewe haijafika. Kumbe iliwezekana! Na miaka yote tulikuwa tunaambiwa sisi ndio tujizuie.

Tinde hakuna wa kumshtaki. Pale njia panda, yanaposimama malori ya Kahama na mabasi ya Mwanza, kuna kijana na karai lake, mafuta yamekaangiwa tangu asubuhi hadi yamekuwa meusi. Zege, yaani chipsi mayai, inaiva upesi, inashibisha, na yule kijana ana watoto wa kusomesha. Simlaumu. Bibi alitulea kwa ugali wa mtama, mlenda, mboga kavu za nsansa na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa karanga. Leo ukimwekea mgeni michembe wanasema umefulia. Heshima ni soda. Nami nikirudi nimepungua kidogo, shangazi ananishika mkono kwa huruma: "Huko huli, mwanangu?"

Utafiti wa afya wa taifa wa Tanzania wa mwaka 2022 ulikuta wanawake wengi wana uzito uliozidi. Wote hao wamejitakia?

Tena kuna sehemu yangu, naibeba. Mama alikuwa akienda shamba kwa miguu, asubuhi na jioni. Mimi ndiye niliyemwambia apumzike, nikatuma hela za kibarua, nikamnunulia na friji. Dada anasema halikosi soda. Nilidhani namtunza.

Basi wewe unayepima watu sukari, nakuomba: mgonjwa mwite pembeni. Mwambie ale nini, kiasi gani, atembee wapi, arudi lini. Mama hakuambiwa hata kimoja. Alirudi nyumbani analia, na usiku ule hakula kitu.