Vifaranga 17

Shuleni kwetu wanachama wa 4K waliitwa "wakulima", na haikuwa sifa. Hapa Nairobi ukiambiwa hivyo ni kama umeambiwa umeshuka kwa basi jana. Mimi nilijiunga nikiwa darasa la saba kwa sababu moja tu: wale wasee walikuwa wanakula mayai. Hata sikujua hizo K nne ni za nini. Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Klabu ni ya tangu enzi za wazazi wetu, ikafifia, kisha serikali ikaifufua 2021. Sisi tukapata vifaranga 50.

Kifaranga akiwa mdogo hana manyoya ya kumkinga na baridi. Wakibanana karibu na jiko, wanasikia baridi. Wakikimbilia pembeni, joto limezidi. Wakitawanyika kote wakilialia kidogo, wako poa. Hiyo nilifundishwa wiki ya kwanza, na bado naikumbuka kuliko hesabu zote za darasa la saba.

Zamu yangu ilikuwa saa kumi na moja jioni: washa jiko la makaa, weka maji, andika kitabuni, tia sahihi. Usiku soja wa geti angeongeza makaa. Sasa, siku moja ya Julai, na mnajua Julai ya Nairobi, kulikuwa na gemu ya pleisteshen mtaani. Nikaandika "Joto sawa, maji yapo", nikatia sahihi, nikatoka mbio. Banda sikulikanyaga.

Asubuhi 17 walikuwa wamekufa, wamelaliana kwenye kona moja.

Soja alisema alikuta jiko likiwa baridi, halina hata jivu la moto. Lakini kitabu kilisema limewashwa. Kati ya maneno ya mzee wa geti na karatasi yenye sahihi, mwalimu mkuu aliamini karatasi. Akasema pesa za vifaranga zitakatwa kwa mshahara wake.

Nilinyamaza siku mbili. Siku ya tatu nikaenda kwa mwalimu mlezi wa klabu, nikasema. Niliadhibiwa, na mathee akalipa, maneno ambayo sitaki kuyarudia hapa. Kilichonimaliza ni kwenda getini kuomba msamaha. Mzee akaniuliza kama wale 33 wanakula vizuri. Ndio nikajua usiku ule aliwatia kwenye katoni na kuwafunika kwa koti lake la kazi, yeye akakesha na shati.

Kwa hivyo mtu akiniambia klabu za kufuga ni za watoto waliokosa masomo ya maana, huwa simjibu. Mtihani wowote nilioanguka, nilianguka peke yangu.

Nilimwomba mwalimu tuichane ile kurasa ya kitabu. Alikataa. Akanipa kalamu, akaniambia niandike chini yake kilichotokea kweli, na tarehe.