Mtu wa Mlangoni

Nilipotoka Petta kufuata kazi za ukarabati viwandani huku mpakani mwa Uganda na Kenya, mpango wa usalama ulikuwa swali moja: "Nani mwembamba?" Fundi mkuu alichomoa fyuzi ya mota, akaitia mfukoni, nasi tukajipenyeza kwenye tundu la kinu cha kusaga klinka ya saruji kubadilisha mabamba yaliyolika. Gololi za chuma ziliteleza chini ya buti, vumbi likakausha koo. Uhai wetu ulikuwa mfukoni mwa mzee yule. Alipokwenda kula, ulikwenda naye.

Kwenye matangi tulitumia elimu ya wachimba visima: shusha kandili, ikizimika usiingie. Si elimu ya kudharau, maana oksijeni ikipungua mwali hufa. Ila monoksidi ya kaboni haizimi taa wala hainuki, na penye mvuke wa petroli kandili hiyo hiyo ndiyo itakayolipua.

Uganda ilipitisha Sheria ya Usalama na Afya Kazini mwaka 2006, Kenya mwaka uliofuata. Taratibu tukaanza kukuta kibali cha kuingia chenye majina na saa. Tulikicheka. Zikaja kufuli, kila fundi na yake kwenye swichi kuu, ufunguo anao mwenyewe. Kikaja kipima hewa: oksijeni ikishuka chini ya asilimia 19.5, haingii mtu.

Kwangu mimi, kilichogeuza kazi hasa ni mtu wa mlangoni. Zamani tulimweka mvivu, wa kupokeza spana. Siku hizi ndiye huchaguliwa kwanza. Ana orodha ya waliomo, ameshika kamba zao, na amepewa amri ngumu kuliko zote: mwenzako akianguka, usiingie. Piga king'ora, vuta kamba, ngoja wenye mitungi ya hewa. Taasisi ya usalama na afya kazini ya Marekani, NIOSH, iliandika mwaka 1986 kwamba zaidi ya asilimia 60 ya wanaokufa sehemu finyu kama vinu na matangi hayo ni waliokimbilia kuokoa.

Amri hiyo haimezeki kwetu. Kijana mmoja niliyekuwa namfundisha aliniuliza, "Mzee, na kama aliyemo ni mdogo wangu?" Nikamwambia siku hiyo yeye hakai mlangoni. Sharti hilo halikuwa kwenye kibali tulichopewa. Nililiandika kwa kalamu chini ya karatasi, na hakuna msimamizi aliyelifuta.