Mizani ya Baridi

Gari la marehemu baba lilishushwa bandarini Malindi mwaka 1994, likitoka Dubai, nalo wakati huo lilikuwa limekwisha kutimiza miaka kumi na miwili. Ni Mercedes-Benz 240D, la muundo wa W123, ule ulioingia barabarani mwaka 1976 na kukoma mwaka 1986, baada ya kutengenezwa magari yapatayo milioni 2.7. Watu wa Mjini walilisifu kwa injini yake ya dizeli; baba alilisifu kwa baridi yake. Lilikuwa limeagizwa kwa ajili ya joto la Ghuba, na katika kaskazi ya Unguja, tulipofunga vioo, tulijihisi kama watu waliohamia nchi nyengine.

Baba alifariki mwaka 2009. Mwaka uliofuata baridi ikaanza kupungua. Fundi wa kwanza niliyempelekea gari hakutafuta chochote. Alijaza gesi, akapokea ujira wake, nami nikarudi nyumbani nikishukuru. Baada ya miezi mitatu joto likarejea, nami nikarejea kwake. Tuliendelea hivyo kaskazi tatu, tukitia maji katika pakacha. Siku moja kompresa ikapiga ukelele, mkanda ukafuka moshi, kisha kukawa kimya.

Niliiacha hivyo kwa zaidi ya miaka kumi. Nilijipa sababu: kompresa ile ilikuwa ya asili, imetoka kiwandani pamoja na gari, na kuibadili ni kulivua gari nguo aliyoliacha nayo baba. Ilikuwa sababu nzuri ya kutungia shairi. Kwa mama haikuwa nzuri.

Mama anaishi Makunduchi, na kila mwezi humleta Mjini kuonana na daktari wa moyo. Gari jengine hataki kulipanda; husema katika hili ndimo anamosikia kikohozi cha mumewe. Basi tulikwenda vioo wazi, vumbi na jua vikiwa abiria wenzetu, mwendo wa zaidi ya kilomita 60. Kaskazi moja alishuka mlangoni mwa daktari akayumba, nikamdaka. Daktari alimpima, kisha akanigeukia mimi.

"Mnamleta kwa chombo gani?"

Nikamweleza.

"Moyo wake haustahimili joto kama hili. Mtafutieni chombo chenye baridi, au mje naye alfajiri."

Wiki ile ile nikaenda kwa mzee mmoja ambaye nilisikia kwamba hagusi gesi kabla ya kujua ilikotokea.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Fungua boneti."

Aliishika kompresa, akajaribu kuizungusha kwa mkono, ikagoma. "Hii haikufa," akasema. "Hii imeuawa."

Akanieleza kwa utaratibu. Baridi ya gari haitofautiani sana na maji ya mtungi. Mtungi hutokwa na jasho, jasho hukauka, na katika kukauka huondoka na joto la maji. Ndani ya dashibodi nako gesi iliyogeuka maji huchemka ikawa mvuke, na katika kuchemka huchukua joto letu. Kazi ya kompresa ni kuubana mvuke ule upande moto zaidi ya hewa ya nje, ili ukifika mbele ya rejeta uweze kutua mzigo wake, urudi kuwa maji na kuanza safari upya. Lakini kompresa haina kisima chake cha mafuta kama injini. Mafuta yake husafiri pamoja na gesi. Palipo na tundu, gesi hutoka na mafuta hufuata. Kila tulipojaza gesi bila ya kuziba, tulikuwa tunaikausha koo.

Alijaza naitrojeni, akapaka povu la sabuni kwenye maungio. Povu likafura penye kipete kimoja cha mpira kilichokauka, kidogo kuliko pete ya mtoto. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ukuta wangu ulikuwa kompresa nzima.

Mpya ililetwa na binamu yangu aliyekuja likizo kutoka Muscat, ya umbo lile lile la silinda nne zilizopangwa kwa duara. Mzee hakuifunga siku ile. Kwanza alisafisha njia zote, kwani kompresa iliyojisaga huacha unga wa chuma ambao huja kuiua ya pili. Akabadili chujio la kukaushia, vipete vyote, na mipira ya zamani. Akatia mafuta ya esta, akaizungusha kompresa kwa mkono mara kadhaa, akakaza mkanda. Halafu akaunganisha pampu ya kunyonya hewa, ili unyevu wote uchemke utoke, akaifunga na kuitazama geji nusu saa nzima. Sindano haikutikisika.

Hapo ndipo alipotoa mizani. Gari hili lilizaliwa na gesi ya R-12. Hii ya sasa, R-134a, hutiwa pungufu, kiasi cha asilimia 80 hadi 90 ya uzito ule. Zikizidi gramu, mgandamizo hupanda na baridi hupotea. Zikipungua, baridi hupotea vile vile. Nikamwambia kwamba hata sisi watunzi tuna mizani, na ubeti uliozidi au kupungua huitwa guni. Akacheka. "Basi yule mwenzangu alikutungia guni miaka mitatu."

Nilicheka naye, lakini njiani nilifikiri gesi ile ilikwenda wapi. R-12 iliachwa kwa sababu ilikuwa ikila tabaka la ozoni; Molina na Rowland walionya mwaka 1974, na Mkataba wa Montreal ukatiwa saini mwaka 1987. R-134a haili ozoni, lakini kilo moja yake hupasha dunia joto mara 1,430 kuliko kilo ya hewa ya ukaa kwa kipindi cha miaka 100, na ndiyo maana mwaka 2016 mataifa yalikubaliana Kigali kuzipunguza gesi za aina hiyo. Mimi, mtu wa kisiwani, ambaye bahari ikipanda nitakuwa wa mwanzo kulowa, nilikuwa nimeimwaga angani kaskazi tatu kwa uvivu wa kutafuta kipete.

Siku ya kumchukua mama nilifunga vioo kabla hajaingia. Tulipopita Kitogani aliunyosha mkono hadi kwenye tundu la hewa, akauacha pale.

"Mbona hukufanya haya zamani, mwanangu?"

Nilisema fedha hazikuwepo. Hakujibu. Alijitanda kanga yake na kulala mpaka Tunguu.

Kompresa ya zamani ipo stoo, nimeifunga kitambaa. Na kila mwezi, kabla ya safari, nafungua boneti na kupaka povu la sabuni kwenye maungio.