Katie Archibald alianzia kwenye majani

Mwaka jana, kwenye mbio za baiskeli za Siku ya Wakimbizi, dada mmoja alikuja kujiandikisha. Mmoja tu, katikati ya vijana wa kiume ishirini na kitu. Mimi ndiye niliyeshika daftari. Alianza mstari mmoja na wengine wote, juu ya kinga ya kaka yake (sisi wa Kivu baiskeli tunaiita kinga) ambayo hata kanyagio alikuwa hazifikii vizuri. Kabla ya kona ya pili akaanguka. Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, siwafichi. Kisha nikaandika mbele ya jina lake: amejitoa.

Hakujitoa. Alianguka. Ni mambo mawili tofauti, na imenichukua karibu mwaka mzima kuliona hilo.

Aliyenifumbua macho ni mwanamke wa Uskoti anayeitwa Katie Archibald, bingwa wa baiskeli za uwanjani. Nilianza kumfuatilia kwenye simu kwa sababu ya medali zake, kama kila mtu. Lakini kilichonikamata ni mahali alipoanzia.

Amezaliwa 1994 upande wa England, ila amekulia Milngavie, mji mdogo jirani na Glasgow, na kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola amevaa jezi ya Uskoti. (Ninyi mliozaliwa hapa kambini na kila siku mnaulizwa "kwenu wapi?" mnajua kwa nini nimelitaja.) Utotoni alikuwa muogeleaji. Mashindano ya baiskeli aliyaanza 2011, tayari ana miaka 17, na wala sio kwenye uwanja wa kisasa. Aliyaanzia kwenye Highland Games, ile michezo ya jadi ya Uskoti ambako wanaume waliovaa sketi za mirabaraba wanarusha magogo, zumari zinalia, na watu wanazunguka na baiskeli juu ya majani ya kiwanja. Anayeshinda anapewa pesa mkononi.

Sasa sikieni utaratibu wa zile mbio. Hawaanzi mstari mmoja! Yule anayejulikana kuwa na nguvu anawekwa nyuma kabisa. Mgeni, au mwenye mwendo mdogo, anaachiwa mita kadhaa mbele. Wote wanaruhusiwa kwa wakati mmoja, halafu wa nyuma wanawafukuza wa mbele. Mtu akizoea kushinda, anasogezwa nyuma. Ndivyo mchezo ulivyo, kila mtu anabaki na nafasi mpaka mzunguko wa mwisho.

Nilipolisoma hilo niliweka simu chini. Nilikumbuka mstari wangu wa chokaa.

Kutoka pale mambo yake yalikwenda kasi. Mwaka 2012 Glasgow ilifungua uwanja wa ndani wa mbao wenye jina la Chris Hoy, Mskoti mwenye dhahabu sita za Olimpiki. Mwaka 2013 Katie akawa bingwa wa Ulaya na timu ya Uingereza, 2014 bingwa wa dunia kule Cali, Kolombia. Miaka mitatu tu tangu yale majani. Mwaka 2016, Rio, yeye na Laura Trott, Elinor Barker na Joanna Rowsell Shand walikwenda kilomita nne kwa dakika 4 na sekunde 10.236, dhahabu na rekodi ya dunia.

Mbio hizo za timu zina siri yake. Wanne wanakwenda kwa mstari, gurudumu nyuma ya gurudumu. Wa mbele anakata upepo kwa niaba ya wote, na upepo ndio unaoua miguu. Akichoka anapanda juu ya ukingo wa uwanja, anawaacha wapite, anashuka mkiani kupumzika. Na muda unahesabiwa kwa mtu wa tatu kuvuka mstari, hauhesabiwi kwa wa kwanza. Ukiwaacha wenzako umejiadhibu mwenyewe.

Kuna nyingine naipenda zaidi, inaitwa madison, jina limetoka ukumbi wa Madison Square Garden wa New York. Wanakuwa wawili wawili. Mmoja anashindana, mwenzake anazunguka polepole juu akivuta pumzi. Zamu ikifika wanashikana mikono, na yule mwenye kasi anamrusha mwenzake mbele kwa mkono wake, kasi yote inahamia kwa mwingine. Olimpiki ya Tokyo, 2021, ndiyo ilikuwa ya kwanza kuwa na madison ya wanawake. Katie na Laura, ambaye kwa ndoa alishakuwa Laura Kenny, walipata pointi 78. Denmark, waliokuwa wa pili, 35. Hapo hata mimi nilipiga kelele peke yangu chumbani.

Halafu njia ikawa mbaya. Mwaka 2022 ajali zilifuatana, mojawapo kugongwa na gari mazoezini, akakosa Michezo ya Jumuiya ya Madola. Agosti mwaka huohuo mwenzi wake, Rab Wardell, mwendesha baiskeli za milimani, alifariki kitandani nyumbani kwao, moyo ulisimama. Alikuwa na miaka 37, na siku mbili tu zilikuwa zimepita tangu awe bingwa wa Uskoti. Katie alijaribu kumuokoa kwa mikono yake, haikuwezekana.

Hapa ndipo kwenye semina wangeandika ubaoni neno "ustahimilivu" na kutuambia tuige. Ndugu zetu wa mashirika, msinikasirikie, lakini neno hilo limenichosha. Linamfanya mtu aonekane kama aliinuka peke yake. Agosti 2023, kabla mwaka haujatimia, Katie alishinda tena ubingwa wa dunia, Glasgow, nyumbani. Na alishinda katika mbio gani? Zile za timu, kilomita nne, wenzake wakimkatia upepo na yeye akiwakatia.

Juni 2024 alijikwaa kwenye ngazi ya bustani yake. Ngazi ya bustani, jamani! Mguu ukavunjika mifupa miwili, Olimpiki ya Paris ikampita akiwa amebakiza wiki chache. Oktoba mwaka huohuo alikuwa Ballerup, Denmark, na timu yake, wakachukua dhahabu ya dunia. Sijaona popote walipoandika "amejitoa" mbele ya jina lake.

Basi mwaka huu nimeomba kwenye kamati ya vijana tuanze kwa kuachiana mita. Wenzangu wawili wamekataa, wanasema ni upendeleo, na mmoja ni yule aliyeshinda mwaka jana. Bado tunabishana. Wiki iliyopita nilimfuata yule dada kwenye bomba la maji. Nikamwambia nilicheka siku ile, na nilichokiandika kwenye daftari hakikuwa kweli. Hakunijibu hilo. Aliuliza tu mita ngapi. Nikasema labda mia. Akasema atafikiria, ila kinga ya kaka yake haina breki.

Breki natafuta. Mwenye nyaya za zamani aniandikie.